Lubisi ni kiwanda, lakini chupa itakuwa ya nani?

Mtu akiulizwa ataje viwanda vya Mkoa wa Kagera, hatakawia kutaja TANICA, kiwanda cha kahawa kilichopo mjini Bukoba, kiwanda cha sukari cha Kagera kule Missenyi, na pengine viwanda vya kusindika samaki kandokando ya Ziwa Victoria. Ni wachache watakaotaja omwato, ule mtumbwi wa mti unaolazwa katikati ya kibanja, ambamo ndizi mbivu hukamuliwa kwa miguu hadi zitoe juisi ya kutengenezea lubisi.

Hata hivyo, ikiwa kiwanda ni mahali ambapo malighafi huingia upande mmoja na bidhaa yenye thamani kubwa zaidi hutoka upande wa pili, basi omwato ni kiwanda. Kina malighafi yake, kina fundi wake, kina msambazaji wake na kina soko lake. Kimekuwapo Bukoba na Muleba kabla ya meli ya kwanza ya mvuke kutia nanga ziwani, na bado kinafanya kazi.

Kinachokosekana ni kwamba wenye kiwanda hicho hawakihesabu kuwa ni kiwanda. Serikali za mitaa hukikumbuka wakati wa kukusanya ushuru, polisi hukikumbuka wakati wa msako, na wataalamu wa kilimo hukiona kama matumizi mabaya ya ndizi. Matokeo yake ni kwamba ujuzi wa miaka mingi umebaki palepale, huku chupa zenye nembo kutoka mikoa mingine zikijaza rafu za maduka ya Bukoba. Swali ambalo wakulima na wafanyabiashara wadogo wa Kagera hawana budi kujiuliza si kama pombe ya ndizi itaingia kwenye chupa. Hilo limekwisha kutokea kwingineko. Swali ni nani atakayeimiliki chupa hiyo.

Kazi inayodharauliwa

Wasioijua kazi hii hudhani ni jambo la kuponda ndizi na kusubiri. Sivyo. Kwanza, si kila ndizi hufaa. Wahaya wanatenga ndizi za kupika, za kuchoma, za kula zikiwa mbivu, na zile za pombe ambazo huitwa embile. Ndizi hizi za pombe zina ukakasi unaozifanya zisifae kwa chakula, lakini ndio unaoipa lubisi ladha yake.

Mikungu huivishwa kwa siku kadhaa, aidha katika shimo lililofunikwa kwa majani ya migomba au juu ya dari la jikoni ambako joto la moto huifikia. Zikiiva sawasawa, ndizi huwekwa katika omwato pamoja na nyasi na kukanyagwa. Nyasi hizo zina kazi maalumu: hushika nyama ya ndizi ili juisi itiririke peke yake. Juisi huchujwa, huongezwa maji kwa kipimo ambacho fundi anakijua kwa kuonja, kisha huwekwa mtama uliokaangwa na kusagwa. Omwato hufunikwa kwa majani ya migomba, na kesho yake pombe huwa tayari.

Kwa desturi kukamua ni kazi ya wanaume, ingawa katika kuuza wanawake wana nafasi kubwa, na kwa wengi wao fedha hiyo ndiyo inayonunua chumvi, sabuni, mafuta ya taa na daftari za watoto. Hapo ndipo ulipo umuhimu wa lubisi kiuchumi. Kahawa huleta fedha kwa msimu. Ndizi za pombe huleta fedha karibu kila wiki. Mkataba wa kimataifa wa mgawo wa kahawa ulipovunjika mwaka 1989 na bei kuporomoka duniani, kaya nyingi zilizotegemea kahawa peke yake zilijikuta katika hali mbaya, wakati ndizi za kibanjani ziliendelea kuliwa, kuuzwa na kukamuliwa.

Pamoja na hayo yote, lubisi ina adui mmoja mkubwa, nayo ni saa. Chachu yake haikomi kufanya kazi pombe inapokuwa tayari. Baada ya siku mbili au tatu huanza kuwa chachu mno, na mnywaji huikataa. Kwa hiyo lubisi ya Kamachumu au Nshamba haiwezi kusafiri mbali. Hunywewa kijijini, hupelekwa kwenye magulio ya jirani, au hupakiwa kwenye madumu hadi vilabu vya mjini katika mitaa kama Kashai na Hamugembe. Isipouzwa kwa wakati, humwagwa au hugeuzwa kuwa enkonyagi, yaani pombe kali ya kuchemshwa ambayo kwingineko nchini huitwa gongo.

Mali bila daftari

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Msemo huu unawahusu sana watengenezaji wa lubisi. Hesabu ifuatayo ni ya mfano tu, na kila msomaji anaweza kuweka bei za kijijini kwake.

Fundi ananunua mikungu 20 kwa shilingi 3,000 kila mmoja, jumla shilingi 60,000. Mtama unamgharimu shilingi 8,000, vibarua wa kukamua shilingi 15,000, nyasi na maji shilingi 5,000 na usafiri shilingi 7,000. Jumla ya gharama ni shilingi 95,000. Akipata madumu manane ya lita 20 na kuuza kila dumu shilingi 15,000, anakusanya shilingi 120,000. Faida yake ni shilingi 25,000.

Sasa mvua ikinyesha siku ya gulio na madumu mawili yakachacha, mapato yanashuka hadi shilingi 90,000. Faida imegeuka kuwa hasara ya shilingi 5,000. Fundi hakuibiwa na wala hakudanganywa na mteja. Ameshindwa na saa.

Kuna kosa la pili ambalo ni la kawaida zaidi. Mkulima anayekamua ndizi zake mwenyewe hahesabu zile shilingi 60,000, kwa kuwa hakuzitoa mfukoni. Hujiona amepata faida ya shilingi 85,000. Ukweli ni kwamba shilingi 60,000 kati ya hizo ni bei ya ndizi ambazo angeweza kumuuzia fundi mwingine bila kuchafua miguu. Faida ya kazi yake ya ufundi bado ni shilingi 25,000 tu. Asipolijua hilo, hawezi kuamua kama ni bora awe mkulima wa ndizi, fundi wa lubisi au vyote viwili.

Mfano huu unaonyesha jambo moja. Tatizo kubwa la kiwanda hiki si uhaba wa wateja wala uhaba wa ujuzi. Ni kukosa njia ya kuizuia pombe isichache. Njia hiyo inajulikana. Pombe iliyochujwa vizuri, ikawekwa katika chupa safi, ikafungwa na kupashwa joto la nyuzi 60 hadi 65 za Selsiasi kwa dakika kadhaa, chachu yake hufa na pombe hukaa muda mrefu bila kuharibika. Viwanda vya bia duniani vimekuwa vikifanya hivyo tangu karne ya 19. Hakuna siri ndani yake. Panahitajika vyombo vya chuma kisichoshika kutu, kipimajoto, maji safi na nidhamu ya usafi.

Somo la chuma cha Katuruka

Wapo watakaosema kwamba lubisi imekuwapo siku zote na itakuwapo tu, hivyo hapana haja ya kuhangaika. Kwa hao, Kagera yenyewe ina jibu.

Huko Katuruka, katika eneo la Maruku nje kidogo ya mji wa Bukoba, wataalamu wa mambo ya kale wakiongozwa na Mmarekani Peter Schmidt waligundua mabaki ya tanuri za kuyeyushia chuma. Utafiti huo, pamoja na ule wa eneo la Kemondo, ulionyesha kuwa wakazi wa ukanda huu wa ziwa walikuwa wakiyeyusha chuma takriban miaka 2,000 iliyopita, kwa ufundi uliowashangaza wanasayansi wa Ulaya na Marekani. Mwaka 1978 Schmidt na mwenzake Donald Avery walichapisha matokeo hayo katika jarida la kisayansi, na dunia ikasoma habari za Wahaya na chuma chao.

Lakini ili kuijua kazi hiyo ilivyofanywa, watafiti hao ilibidi wawategemee wazee walioifanya ujanani, kwa sababu wakati huo hakuna aliyekuwa akiyeyusha chuma tena. Majembe ya kutoka ng'ambo yalikuwa yameingia kwa bei rahisi, na tanuri zikazimika. Ujuzi wa karne nyingi ulififia katika maisha ya mtu mmoja. Leo chuma cha Katuruka ni historia ya kuonyesha wageni. Hakilipi ada ya shule ya mtoto wa mfua chuma.

Lubisi inaweza kupita njia hiyohiyo. Ilikuwa na heshima kubwa zaidi ya biashara. Katika enzi za Wakama, mtengenezaji wa pombe alipeleka kibuyu kwa mtawala. Hadi leo posa, vikao vya ukoo na matanga ya wengi havikamiliki bila hiyo. Emin Pasha alipoweka kituo cha Wajerumani Bukoba mwaka 1890, aliikuta ikinywewa. Mji ulipokua na kuwa na bandari, maghala ya kahawa na maduka ya Wahindi, watu wa mjini waliendelea kuagiza pombe yao kutoka vijijini. Lakini heshima peke yake haimzuii kijana wa leo kuagiza bia ya chupa. Naye fundi asipopata faida, mwanawe hatarithi omwato. Atatafuta pikipiki awe bodaboda.

Sheria na mwenye omwato

Kwa mujibu wa sheria, lubisi si haramu. Sheria ya Vileo ya mwaka 1968 inatambua pombe za kienyeji na kuweka masharti ya leseni na saa za kuuza. Pombe ya kuchemshwa ndiyo yenye matatizo. Sheria ya Moshi ya mwaka 1966 ilikataza kuitengeneza bila leseni. Maana yake ni kwamba hata watunga sheria wa wakati huo hawakukusudia kuifuta kazi hiyo. Walikusudia kuidhibiti. Lakini kwa mtu wa kijijini leseni hiyo imekuwa kama mwezi: inaonekana lakini haishikiki.

Matokeo yake yanajulikana. Enkonyagi hupikwa usiku. Anayepika kwa kujificha hawezi kununua chombo kizuri, kwani kinaweza kukamatwa kesho. Hawezi kukopa benki. Hawezi kuweka nembo. Wala mnywaji hana njia ya kujua kilichomo ndani ya chupa.

Hatari ya hali hiyo si ya kubuni. Mwaka 2010, katika wilaya ya Kabale nchini Uganda, ambayo haiko mbali na mpaka wa Kagera, makumi ya watu walipoteza maisha baada ya kunywa pombe kali iliyokuwa na methanoli. Methanoli haina rangi wala harufu ya kuitofautisha kwa urahisi, na kiasi kidogo tu hupofusha au kuua. Msako haukuweza kuizuia, kwa kuwa msako hufika baada ya pombe kupikwa.

Dunia ina mfano wa kale wa namna nyingine ya kushughulikia jambo hili. Mwanzoni mwa karne ya 19, milima ya Scotland ilijaa wakulima waliopika pombe ya shayiri kwa kujificha, na askari wa ushuru hawakuwaweza. Mwaka 1823 Bunge la Uingereza lilibadili mbinu. Lilishusha ushuru na kuweka leseni ya pauni 10 kwa mwaka kwa mwenye mtambo unaokidhi kipimo kilichowekwa. Katika miaka michache upikaji wa kujificha ulipungua sana, na viwanda vya halali vikashamiri. Wiski ya Scotland inayouzwa leo duniani kote ina mizizi katika uamuzi huo. Serikali haikuwageuza wapikaji kuwa malaika. Iliifanya leseni kuwa rahisi kuliko kujificha.

Tahadhari kutoka Uganda

Hata hivyo, kuhalalisha peke yake hakutoshi, na hapa ndipo wakulima wa Kagera wanapopaswa kufungua macho. Uganda ilihalalisha mapema. Sheria ya Enguli ya mwaka 1965 iliruhusu wapikaji wenye leseni kutengeneza enguli, ambayo ni ndugu wa enkonyagi, kwa sharti kwamba waiuze kwa kiwanda cha serikali. Kiwanda kiliisafisha, kikaipima, kikaitia katika chupa na kuipa jina la Uganda Waragi.

Jina hilo lilifanikiwa. Linajulikana Afrika Mashariki nzima na hata nje. Lakini nembo hiyo leo ni mali ya kampuni kubwa ya bia, ambayo nayo imo katika kundi la kimataifa. Mpikaji wa kijijini aliingizwa katika biashara akiwa muuzaji wa malighafi, na muuzaji wa malighafi siku zote ndiye wa kwanza kuachwa pale mnunuzi anapopata malighafi nyingine ya bei nafuu. Waragi ya kienyeji imeendelea kupikwa vijijini kama zamani, nje ya chupa ile yenye jina lake.

Ndiyo maana haitoshi wana-Kagera kuomba ruhusa. Wakipewa ruhusa ya kutengeneza bila kumiliki hatua ya kuchuja, kupasha joto na kufunga, watakuwa wamebadili tu jina la mnunuzi. Faida ya pombe haiko katika kukamua. Iko katika chupa, nembo na uwezo wa kusubiri bei.

Bukoba inaufahamu ukweli huu kupitia kahawa. Chama kikuu cha ushirika kilichoandikishwa mwaka 1950, ambacho warithi wake ni KCU ya leo, kilianzishwa kwa sababu wakulima walichoka kuuza kahawa kwa bei ya mtu mwingine. TANICA, iliyoanzishwa katika miaka ya 1960, iliwezesha kahawa ya Bukoba kutoka ikiwa katika kopo, tayari kwa kunywewa, badala ya kutoka ikiwa katika gunia. Vyama vya ushirika vya Kagera vina hisa katika kiwanda hicho. Ushirika umepita katika madeni, siasa na uongozi mbaya, na wakulima wana haki ya kuulalamikia. Lakini wazo la msingi lilikuwa sahihi: mwenye zao awe pia na sehemu ya kopo.

Mlango uliofunguliwa nusu

Kwamba ndizi inaweza kuingia katika chupa na kuuzwa kihalali si nadharia. Kampuni ya Banana Investments ya Arusha, iliyoanza katika miaka ya 1990, imetengeneza pombe ya ndizi iliyochujwa na kufungwa katika chupa, na wanywaji wa mikoa mbalimbali wameizoea. Haikuanzia Kagera, mkoa ambao ndizi ni chakula, ni kinywaji na ni lugha. Hilo linapaswa kuwakera wana-Kagera, na kisha kuwapa moyo.

Serikali nayo imefungua mlango kwa sehemu. Kwa miaka kadhaa mvinyo wenye zaidi ya asilimia 75 ya zabibu za nchini umetozwa ushuru wa bidhaa ulio chini ya ule wa mvinyo wa nje, jambo lililowasaidia wakulima wa zabibu wa Dodoma. Baadaye unafuu wa namna hiyo ulipelekwa pia kwa vinywaji vinavyotengenezwa kwa matunda mengine ya nchini, ndizi zikiwamo. Kadhalika, wajasiriamali wadogo wanaopitia Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, wamekuwa wakipata nafuu katika kuomba alama ya ubora ya Shirika la Viwango, TBS.

Lakini mlango huo una kizingiti kirefu kwa mtu mmoja mwenye omwato mmoja. Anatakiwa awe na jengo linalokubalika, maji yaliyopimwa, stempu za kodi katika kila chupa na vitabu vya hesabu. Kwa peke yake hatavuka. Kwa hiyo suluhisho haliwezi kuwa kila fundi na kiwanda chake. Suluhisho ni mafundi wengi na chumba kimoja. Kila mmoja akamue kwake kwa kipimo kilichokubaliwa, kisha juisi au pombe ipelekwe siku hiyohiyo katika kituo cha pamoja cha kuchuja, kupasha joto na kufunga. Gharama za jengo, maabara na alama ya TBS zikigawanywa kwa watu 40 au 50, hubebeka.

Kituo hicho kingefaa kianze na juisi kabla ya pombe. Omwato hauchagui dini. Juisi inayotoka ndani yake kabla ya kuwekwa mtama haileweshi, na ikipashwa joto mapema inaweza kuuzwa mashuleni, makanisani, misikitini, kwenye harusi na hotelini. Soko lake halihitaji leseni ya vileo, na familia zisizotaka kugusa pombe kwa sababu za imani zingeweza kuuza ndizi zao bila kusutwa na dhamiri.

Hoja ya ulevi

Wapo wanaopinga mjadala huu wote kwa sababu ya ulevi, na hoja yao ni nzito. Katika vijiji vya Bukoba na Muleba zipo familia zilizoharibiwa na pombe, vibanja vilivyouzwa na watoto walioacha shule. Hakuna mchumi mwenye akili timamu anayeweza kuita hasara hizo faida.

Lakini ni vyema kutenganisha mambo. Mwaka 2017 Serikali ilipopiga marufuku pombe kali za viroba, ilikuwa inapambana na kinywaji kikali, cha bei ya chini kabisa, kilichoweza kufichwa katika mfuko wa mwanafunzi. Lubisi ni kinywaji hafifu kinachonywewa kwa kukaa pamoja. Kinachoisukuma igeuke kuwa enkonyagi mara nyingi ni kule kuogopa kwamba itachacha. Lubisi ikipata njia ya kukaa wiki kadhaa bila kuharibika, sababu moja kubwa ya kuichemsha itaondoka. Kwa maana hiyo, kuiboresha lubisi ni sehemu ya kupunguza pombe kali, mradi saa za vilabu na umri wa wanywaji visimamiwe kikwelikweli.

Bila migomba hakuna kiwanda

Liko jambo la mwisho ambalo likisahauliwa yote yaliyotangulia yatakuwa maneno matupu. Mwaka 2006 ugonjwa wa mnyauko wa migomba ulithibitishwa mkoani Kagera, ukianzia Wilaya ya Muleba. Ugonjwa huu husababishwa na bakteria. Ndizi huiva kabla ya wakati na kuoza ndani, na mgomba hunyauka. Baadhi ya aina za ndizi za pombe ni dhaifu zaidi, kwa sababu wadudu wanaofuata utamu wa ua la mgomba hubeba vimelea kutoka mgomba mmoja hadi mwingine.

Biashara ya pombe nayo ina lawama yake. Mnunuzi wa mikungu huingia kibanja hiki na kile akiwa na panga moja. Panga lililokata mgomba mgonjwa asubuhi huambukiza kibanja cha jirani mchana. Kwa hiyo mnunuzi wa ndizi za pombe anapaswa kuwa wa kwanza kuchoma panga lake kwa moto au kulisafisha kwa dawa ya klorini kabla ya kuvuka mpaka wa kibanja. Mkulima naye aondoe ua dume mapema kwa kijiti chenye panda, bila kutumia panga, na ang'oe mgomba ulioonyesha dalili.

Kituo cha utafiti cha Maruku kimeshughulika na migomba kwa miongo mingi, na mwishoni mwa miaka ya 1990 mradi wa KCDP uliwasambazia wakulima wa Kagera aina mpya kama FHIA. Baadhi ya aina hizo zina mikungu mikubwa, na wakulima wengi walizipeleka katika omwato baada ya kuona hazifui dafu mbele ya ndizi zao za kupika. Hilo linawafundisha watafiti kuwa mwenye omwato ni mteja wao halali. Anastahili aina ya ndizi iliyochaguliwa kwa wingi wa juisi na ustahimilivu wa magonjwa, wala asipewe tu masalia ya utafiti wa chakula.

Cha kufanya

Halmashauri za Bukoba na Muleba zinaweza kuanza bila kusubiri Dar es Salaam wala Dodoma. Zinaweza kutenga sehemu ya mikopo ya asilimia 10 ya vijana, wanawake na watu wenye ulemavu kwa vikundi vya kusindika ndizi, na kuwaita SIDO na TBS kuweka kipimo kimoja cha lubisi: kiasi cha maji, mtama, usafi na ukali. Bila kipimo hakuna nembo, na bila nembo hakuna bei.

Bunge nalo lina kazi ya kuiangalia upya Sheria ya Moshi ya mwaka 1966, ili leseni ndogo ya kikundi, yenye mtambo unaokaguliwa, iwe rahisi kuliko kupika usiku.

Kwa upande wao, wakulima na mafundi wasisubiri. Daftari halihitaji leseni. Kikundi cha watu kumi wanaoandika kila mkungu walioununua, kila dumu walilouza na kila dumu lililochacha, baada ya miezi sita kitakuwa na ushahidi ambao benki na halmashauri haziwezi kuupuuza. Na siku mwekezaji atakapokuja Muleba na lori akitaka kununua lubisi yote kwa bei nzuri, watu hao watakuwa na uwezo wa kumuuliza kabla ya kupakia: katika hiyo chupa, sisi tuna hisa ngapi?